Mahali pa Gasketi Kulala

Kabla ya kushika spana yoyote, fundi hushika mpira wa rejeta. Ni asubuhi, injini imelala baridi usiku kucha, na Toyota Hilux Surf imeegeshwa chini ya bati la gereji pale Ipogolo, barabara kuu inapopita chini ya mji wa Iringa. Kijana anayejifunza kazi anawasha. Fundi anauminya mpira wa juu kwa vidole vitatu, anasubiri, anauminya tena. Mshale wa joto haujanyanyuka hata kidogo, lakini mpira umeshakakamaa. Anaamuru injini izimwe, anaachia presha taratibu, anafungua mfuniko wa rejeta na kumwambia kijana awashe tena. Mapovu yanapanda moja moja, halafu mfululizo, na hayakomi.

Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakichovya na kukichomoa tena. Oili ni nyeusi kama kawaida yake, haijageuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo maji hayajaingia kwenye oili. Moshi wa mwako ndio unaopenya kwenye njia za maji, na unapoongezeka ndivyo maji yanavyosukumwa nje na gari linavyochemsha. Mwenye gari amesimama pembeni, mikono kiunoni. Gasketi ya hedi ilibadilishwa miezi michache tu iliyopita, kwenye gereji nyingine, kwa gasketi ya dukani isiyotoka Toyota. Ameshatoa hukumu yake. "Fundi, hizi gasketi za mtaani hazifai. Nitafutie jenyuini tu."

"Tufungue kwanza, bosi," fundi anajibu.

Injini iliyo mbele yao ni 1KZ-TE, dizeli yenye tabo, silinda 4 na ujazo wa cc 2,982. Imeingia nchini kwa wingi ikiwa ndani ya Surf na Prado zilizotumika Japani, na mafundi wa Tanzania wanaijua vizuri, sifa zake na udhaifu wake. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 96, yaani eneo la sentimita za mraba 72 hivi. Shinikizo la mwako likifika bar 100, silinda moja peke yake inaisukuma hedi juu kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 7. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, pigo hilo hurudi mara 25 kila sekunde. Tabo inashindilia hewa, hewa nyingi inaruhusu dizeli nyingi, na kadiri mlima unavyokuwa mrefu ndivyo joto linavyokosa pa kwenda. Gari hili hupanda Kitonga likiwa na mzigo. Kinachozuia moto, maji na oili visikutane ni gasketi yenye unene wa milimita moja na ushei.

Kuna jambo jingine linaloifanya kazi hiyo iwe ngumu zaidi. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kwenye hedi yenye urefu wa karibu nusu mita, kutoka ubaridi wa asubuhi hadi joto la kazi, tofauti ya kutanuka inafika milimita 0.4 hivi. Kila siku hedi inateleza juu ya bloku kwa kiasi hicho kidogo, inakwenda na kurudi, huku gasketi ikiwa katikati. Nyuso zikiwa laini, gasketi inastahimili. Zikiwa na makwaruzo, inasagwa.

Kazi ya kufungua inaanza injini ikiwa imepoa kabisa. Fundi anamwaga maji na oili, anaondoa mabomba ya tabo, manifoldi, mkanda wa taimingi na nozeli. Kila tundu lililobaki wazi linazibwa kwa kitambaa safi. Bolti za hedi hazifunguliwi ovyo. Anaanza na za pembeni akija katikati, analegeza kila moja kidogo, anazunguka tena, na kwa mzunguko wa tatu ndipo zinapotoka. Hedi ya alumini ikiachiwa upande mmoja huku upande wa pili umekazwa, inaweza kupinda hapo hapo ilipokaa. Kijana amechukua kipande cha boksi, amekitoboa matundu kwa mpangilio ule ule wa hedi, na kila bolti inachomekwa kwenye tundu lake.

Hedi inanyanyuliwa na watu wawili. Fundi anaichukua gasketi ya zamani kwa ncha za vidole, anatoka nayo nje penye mwanga, na hapo anatulia kwa muda mrefu kuliko alivyotulia tangu asubuhi. Ni gasketi ya karatasi za chuma cha springi zilizolazwa moja juu ya nyingine, zimepakwa mpira mwembamba sana, na kuzunguka kila tundu la silinda kuna mwinuko uliopigwa kwa mashine. Mwinuko huo ndio unaobanwa na kusukuma kurudi, na kwa kusukuma ndivyo unavyoziba. Kati ya silinda ya pili na ya tatu kuna njia nyeusi ya masizi, imetoka kwenye mwinuko na kwenda moja kwa moja hadi kwenye tundu la maji. Hapo ndipo ilipoungua.

Lakini jicho lake haliishii hapo. Anaigeuza gasketi upande upande mpaka mwanga uipige kwa mshazari. Kwenye mpira wake kuna alama za nusu duara, zimepishana, zimechapwa kutoka upande wa bloku. Pembeni kuna mabaki ya silikoni ambayo mtu aliipaka akidhani anaongeza usalama. Anarudi kwenye bloku, anaifuta kwa thina, anainamisha taa. Nusu duara zile zile zipo kwenye chuma. Aliyeifanya kazi iliyopita alisafisha uso wa bloku kwa diski ya msasa iliyofungwa kwenye mashine ya mkono. Diski ya namna hiyo ni ya haraka na inaacha chuma kikimeremeta, na ndani ya huo mmeremeto inachimba mabonde ambayo macho hayayaoni.

"Kampuni ya gasketi hatuidai kitu hapa," anasema, na kuiweka pembeni.

Kusafisha kunamchukua muda mwingi kuliko kufungua. Hatumii mashine. Ana skrepa ya plastiki ngumu kwa upande wa alumini, wembe mpana kwa upande wa chuma anaoulaza karibu sambamba na uso, na jiwe la kunolea lililolowekwa mafuta, analolipitisha taratibu ili kuondoa vichwa vya makwaruzo bila kuchimba zaidi. Njia za oili zimezibwa kwa karatasi, kwa sababu chembe ya msasa ikidondoka humo, itazunguka na oili hadi kwenye beringi za krenki na za tabo, na tabo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kulia. Matundu ya bolti anayapitishia tepu ya tredi kwa mkono, anayapiga upepo, anaingiza kipande cha waya chenye kitambaa mpaka chini, na anakitazama kila kinapotoka. Maji au oili vikibaki chini ya tundu havigandamiziki. Bolti itagota kwenye umajimaji, spana itasema mkazo umefika, na kumbe hedi haijabanwa. Ikilazimishwa, bloku inapasuka.

Halafu inakuja rula. Ni pande la chuma lililonyooka, analitunza ndani ya sanduku la mbao lenye kitambaa, na hakuna anayeruhusiwa kulitumia kuchorea mstari. Analisimamisha kwa ukingo juu ya bloku: mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, mara mbili kwa mshazari. Katika kila mstari anajaribu kupitisha chini yake fila, ubapa mwembamba wa kupimia nafasi, ya milimita 0.05. Inagoma. Inagoma tena. Kati ya silinda ya pili na ya tatu inapita bila kelele. Anamwita mwenye gari, anampa ile fila aishike mwenyewe, naye inampitia vile vile mkononi.

Sasa ndipo kazi inapokuwa ghali. Hedi inaweza kubebwa peke yake hadi karakana ya kuskimu, yaani kusawazisha uso kwa mashine, lakini bloku haiendi popote bila injini kushushwa na pistoni kutolewa. Mwenye gari anauliza kama haiwezekani kuweka gasketi nzuri, hata jenyuini, ikafidia. Fundi hampandishii sauti. Anamweleza kwamba karatasi za chuma zinaziba vizuri kuliko aina nyingi za zamani za nyuzi na grafiti, ila zenyewe hazijazi shimo. Watengenezaji wake hutaka uso ambao mkwaruzo wake kwa wastani hauzidi takriban mikroni 1.3, na mpira uliopakwa juu yake una mikroni kama 25 tu. "Nikikufungia hivi, tutaonana tena," anamalizia. Mnyororo unafungwa kwenye injini mchana ule ule.

Karakanani fundi anakwenda mwenyewe pamoja na hedi yake. Kwanza inapimwa nyufa: njia zote za maji zinazibwa kwa mabamba na mpira, inazamishwa kwenye tangi la maji ya moto, na upepo unaingizwa. Hedi za 1KZ-TE zina sifa ya kupasuka kati ya kiti cha valvu ya kuingiza na ya kutoa, kwa hiyo macho yanabaki hapo. Hakuna povu. Ndipo inapofungwa kwenye mashine, na fundi anamsihi mwenye mashine atoe kidogo iwezekanavyo. Injini hii inawasha dizeli kwanza ndani ya vyumba vidogo vilivyopachikwa kwenye hedi, na valvu zake zimelala kwa kina maalumu. Kila sehemu ya mia ya milimita inayoondolewa inagusa mahesabu hayo. Jiwe la mwisho linapita polepole, kina kidogo kabisa, na uso unatoka wa kijivu tulivu, bila mistari inayoshika ukucha. Anaupitishia rula yake hapo hapo, mistari sita, kabla ya kulipa. Bloku nayo inafanyiwa hivyo hivyo.

Injini ikisharudishwa pistoni, kuna kipimo ambacho wengi hukiruka. Kwenye dizeli hii pistoni ikifika juu huchomoza kidogo kupita uso wa bloku, na bloku ikiskimiwa, inachomoza zaidi. Kwa sababu hiyo Toyota hutengeneza gasketi ya injini hii katika unene zaidi ya mmoja, na kuitofautisha kwa alama zilizokatwa ukingoni. Fundi anasimamisha saa ya kupimia juu ya bloku, anaiseti sifuri, anaizungusha krenki kwa mkono huku ncha ya saa ikiwa juu ya pistoni. Mshale unapanda, unasita, unaanza kushuka. Anasoma pale uliposita. Anapima pande mbili za kila pistoni, mbele na nyuma, kwa sababu pistoni inaweza kuegama. Silinda nne, vipimo vinane, vyote vinaandikwa kwa chaki ubavuni mwa bloku. Kikubwa kuliko vyote ndicho kinachoamua. Gasketi nyembamba mno, pistoni itagonga hedi. Nene mno, mgandamizo unapungua, na asubuhi ya baridi ya Iringa gari litawaka kwa shida na moshi mweupe.

Ndipo, baada ya yote hayo, anakwenda dukani. Gasketi ya kwanza ilinunuliwa kabla injini haijafunguliwa. Mtu alitaja jina la injini akapewa iliyokuwepo. Fundi anaingia na karatasi yenye kipimo. Muuzaji anamletea maboksi matatu: la Toyota, la kampuni ya Japani inayotengeneza gasketi kwa jina lake yenyewe, na la tatu ambalo bei yake inafurahisha na maandishi yake yana makosa ya herufi. La tatu analirudisha bila kulifungua. Mawili anaomba ayafungue juu ya kaunta.

Anazilaza gasketi juu ya kioo cha kaunta na kuzitazama kwa usawa wa macho, kuona kama zimejikunja. Anapitisha ukucha juu ya mwinuko wa kila silinda, duara zima, akitafuta mahali ulipolala au kukatika. Anakagua mpira: rangi moja, hauna pengo, haubanduki kwenye ncha. Anahesabu matundu ya maji akilinganisha na karatasi aliyochapa kutoka kwenye bloku kwa kuisugua kwa penseli. Tundu la maji likiwa dogo kuliko lilivyochorwa kiwandani, silinda ya nyuma inakosa ubaridi na hakuna atakayejua sababu. Anapima unene kwa mikromita mahali pasipo na mwinuko. Anatazama alama za ukingoni. Ile ya Toyota iliyopo dukani ni ya unene mwingine. Ile ya kampuni ya Japani ina unene anaoutaka, na matundu yote yanakubaliana na karatasi yake. Anachukua hiyo, pamoja na seti mpya ya bolti. Mwenye gari, aliyekuja akiwa na hakika ya jenyuini, anahesabu fedha kimya.

Kufunga kunafanyika asubuhi, vumbi la barabarani likiwa bado halijaamka. Nyuso zote mbili zinafutwa kwa thina na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka kitambaa kitoke kikiwa cheupe. Gasketi inatoka kwenye mfuko wake dakika hiyo hiyo, inashikwa kingoni, inalazwa juu ya pini za kuongozea ikiwa kavu. Hakuna silikoni, hakuna grisi. Anakagua tena kila tundu. Hedi inashushwa na watu wawili, wima, bila kuburuzwa, mpaka isikike imekaa kwenye pini.

Bolti zinapakwa oili kidogo kwenye tredi na chini ya kichwa, kwa kuwa msuguano ukiwa mkubwa spana inadanganyika. Zinaingizwa kwa mkono hadi zigote. Kisha fundi anachukua spana ya toki, anaiweka kwenye kipimo cha kitabu, na kuanza katikati, akitoka nje kwa mpangilio wa kupishana. Hakazi kwa mtikiso. Anavuta mfululizo, taratibu, mpaka spana iite. Akimaliza mzunguko anaurudia kwa kipimo kile kile, na chache zinasogea kidogo, dalili kwamba gasketi imeanza kukaa. Halafu anaweka doa la rangi nyeupe mbele ya kichwa cha kila bolti. Sasa anakaza kwa pembe: nyuzi 90, zote kwa mpangilio, madoa yote yakitazama ubavuni. Anapumzika. Nyuzi 90 nyingine, na madoa yote yametazama nyuma. Bolti ikivutwa namna hii hurefuka kidogo sana na kubaki inavuta, na huko kuvuta ndiko kunakoibana gasketi injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Anazunguka gari akiyatazama madoa mstari kwa mstari. Hakuna lililopotoka.

Wengine wangewasha. Yeye anageukia rejeta. Anaimiminia maji na kuangalia yanavyotoka. Yanatoka kwa kusuasua, kwa hiyo inapelekwa kusafishwa. Thamostati haipo, mtu aliitoa, akidhani gari litapoa zaidi. Inarudishwa mpya, na injini sasa itafika kwenye joto lake na kubaki hapo. Mfuniko wa rejeta unabadilishwa: katika mwinuko wa Iringa, mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ila mfuniko mzima unaoshika presha ya karibu bar 0.9 unayavusha nyuzi 110. Klachi ya feni inajaribiwa kwa mkono. Mpira mdogo unaodhibiti presha ya tabo unakaguliwa usije ukawa umechezewa ili tabo isukume kupita kiasi. Anajaza kulanti, si maji ya bomba, na kutoa hewa kwa subira, akiminya mipira mpaka isilie tena.

Injini inawaka kwa pigo la pili. Inaachwa ipate joto hadi thamostati ifunguke, inazimwa, inaachwa ipoe kabisa hadi kesho yake, kisha maji yanapimwa na mpira wa juu unaminywa. Ni laini. Gari linapandishwa Kitonga likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo, na mshale unabaki mahali pamoja. Fundi anamwagiza mwenye gari atazame maji kila asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo, ashuke gia mapema mlimani, na akisimama baada ya kupanda aiache injini ingurume dakika moja mbili ili tabo ipoe kwa oili inayozunguka.

Mwenye gari analipa. Bei ya gasketi ni mstari mfupi kwenye bili yenye mistari mingi. Anaomba boksi lake, aende kuwaonyesha wenzake wanaoendesha Surf jina la kampuni, maana nao wamekuwa wakilalamika. Fundi analichukua boksi, analigeuza, na nyuma yake anaandika kwa kalamu unyoofu wa bloku na wa hedi, vipimo vya kuchomoza kwa pistoni zote nne, na alama ya unene wa gasketi.

"Wape na hivi," anasema. "Jina peke yake halitawasaidia."